Nguo Iliyoizunguka Kilwa

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, kabla hujakanyaga mchanga wa ng'ambo utakuwa umeshasimuliwa kisa cha nguo. Hapo kale kisiwa kilikuwa na mwenyewe, mtu wa bara. Akatokea mgeni kutoka Shirazi, Uajemi, akakitamani. Mwenyewe akamwambia: nitakuuzia, ila unitandikie nguo kukizunguka kisiwa chote. Mgeni akatandika. Mwenyewe akazikusanya nguo zake, akavuka kwenda bara, na tangu siku hiyo kisiwa kikawa cha Washirazi.

Nahodha aliyenivusha alikisimulia kisa hicho kama mtu aliyekuwapo, tena akishika ncha ya kitambaa. Nikamwuliza, "Nani kasema?" Akanitazama kama niliyeuliza nani kasema bahari ina chumvi. "Mbona hilo linajulikana, bwana."

Kisiwani nikamkuta mzee mmoja amekaa kivulini, karibu na magofu ya Msikiti Mkuu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za safari, nikamletea swali lile lile: kisa hiki yeye alikipata kwa nani? Kwa marehemu babu yake, akasema. Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza: na kwenye kitabu cha shule. Kipi kilitangulia, babu au kitabu? Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapo umenikamata, mwanangu."

Nimewahi kukaa kwenye mihadhara ya mbinu za utafiti, saa mbili nzima, bila kusikia jibu zuri kama lile.

Vyuoni mambo haya yana majina yake. Chanzo cha msingi ni kile kilichozaliwa ndani ya jambo lenyewe, au kilichotoka mkononi mwa aliyelishuhudia: barua, sarafu, hati ya kadhi, kaburi lenye maandishi, picha, sauti ya mtu iliyorekodiwa. Chanzo cha upili ni kazi ya mtu aliyekuja baadaye, akakusanya ya wenzake, akayapima na kuyatolea hukumu: kitabu cha historia, tasnifu, makala kama hii unayoisoma. Mwanafunzi hukariri maelezo hayo, akafanya mtihani, akafaulu. Kisha akiambiwa akatafute, hupekua simu yake na kurudi na kurasa nane za intaneti zinazosema jambo moja kwa maneno yale yale. Anahesabu vyanzo vinane. Kumbe anacho kimoja, kimevaa kanzu nane.

Na watu wa pwani hatukuhitaji kungoja chuo kikuu kitufundishe haya. Mtoto wa madrasa anajua kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi hivi hivi. Ina matini, yaani maneno yenyewe, na ina isnadi, yaani mnyororo wa waliopokezana: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kwa yule aliyesikia kwa masikio yake. Wanazuoni walimchunguza kila aliyemo kwenye mnyororo. Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa nzima? Alipata kweli kukutana na huyo anayedai kumsikia? Pingili moja ikikatika, hadithi hudhoofika hata ikiwa tamu namna gani.

Basi na tukifanyie kisa cha nguo vivyo hivyo.

Mnyororo wake unapanda hadi kwenye mswada wa Kiarabu unaoitwa Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, kitabu cha maliwazo juu ya habari za Kilwa. Mwandishi wake hakutaja jina lake, ila alitaja siku aliyozaliwa, na kwa hesabu ya leo inaangukia mwaka 1499, mwaka mmoja baada ya Vasco da Gama kupita pwani hii. Kwa hiyo aliandika katika karne ya 16. Washirazi anaowasimulia, hata kwa hesabu inayowasogeza karibu kabisa, walikuwa wamemtangulia kwa zaidi ya miaka 300. Hakuwa shahidi, alikuwa mpokezi.

Wala mswada tulionao si wa mkono wake. Tunayo nakala iliyonakiliwa Unguja katika karne ya 19, ambayo kupitia kwa Sultani Barghash ilimfikia John Kirk, konseli wa Uingereza, naye akaipeleka kwao. Leo imo British Library, London, kwa namba Or. 2666. Mwaka 1895 S. Arthur Strong alichapa Kiarabu chake katika jarida la Royal Asiatic Society. Mwaka 1962 G. S. P. Freeman-Grenville akaitia tafsiri ya Kiingereza katika mkusanyo wake wa nyaraka za pwani ya Afrika Mashariki, na hiyo ndiyo ambayo wengi wetu tumeisoma, tena aghalabu kwa vipande vilivyonukuliwa na watu ambao nao walinukuu.

Hesabu pingili. Tukio lenyewe. Vizazi vilivyolisimulia. Mwandishi asiye na jina. Wanukuzi tusiowajua. Mnukuzi wa Unguja. Mhariri wa London. Mfasiri. Mwandishi wa kitabu cha shule. Mwalimu. Mzee. Nahodha. Mimi. Na sasa wewe, ambaye kesho utamsimulia mwenzako.

Bahati njema mnyororo si huo tu. Mreno João de Barros, ofisa wa Casa da Índia, ofisi ya Lisbon iliyosimamia biashara ya Mashariki, alichapisha mwaka 1552 sehemu ya kwanza ya historia yake ya Asia. Humo alieleza habari za wafalme wa Kilwa, akisema amezitoa katika kitabu chao wenyewe cha historia. Barros hakufika Kilwa. Alikuwa na makaratasi ya waliofika. Kwake yeye aliyekuja ni Ali, mtoto wa sultani wa Shirazi, aliyedharauliwa na nduguze kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, akaondoka Hormuz na vyombo viwili. Katika mswada wa Kiarabu waliokuja ni baba na wanawe sita, merikebu saba, baada ya baba kuota panya mwenye pua ya chuma anaguguna kuta za mji. Kwa Barros kisiwa kilinunuliwa kwa nguo, basi. Ile ya kukizungusha chote haimo.

Kuna habari za tatu, na kwa masikitiko yangu ndizo zinazosahauliwa kuliko zote ingawa zimeandikwa kwa lugha yetu. Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili Berlin, alikusanya na kuchapisha matini za watu wa pwani. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 zimo habari za Kilwa Kisiwani. Humo mwenyeji ana jina: Mrimba. Humo wapo hata waliomtangulia Mrimba kukaa kisiwani. Humo Mshirazi analeta nguo, lakini pia anamwoa binti wa Mrimba. Na Mrimba anapotaka kurudi, hazuiwi na mfereji uliochimbwa, kama mswada wa Kiarabu unavyotaka tuamini. Ni kisomo kinachofanya maji ya mlango yasipwe tena kiasi cha kuvukika kwa miguu.

Yupi mkweli? Hapo watafiti wachanga hukwama, kwa sababu wamefundishwa nusunusu kwamba chanzo cha msingi ndicho kinachosema kweli. Hakuna aliyewaambia kwamba chanzo cha msingi kinaweza kudanganya kwa ufasaha mkubwa. Kuwa kwake cha msingi ni ukaribu, na aliye karibu na jambo mara nyingi ana haja nalo. Mwandishi wa Kiarabu aliandikia mji ambao wafalme wake walikuwa wakigombania kiti. Kisa cha nguo kwake kinafanya kazi ya hati ya mauziano, tena hati isiyo na mwanya, kwa maana nguo imezunguka kotekote. Wareno nao waliiteka Kilwa mwaka 1505, wakamwondoa sultani waliyemkuta na kumtawaza wa kwao, kwa hiyo Lisbon ilikuwa na kila sababu ya kutaka kujua nani ni mrithi halali na nani si halali. Na waliosimulia habari za Mrimba waliishi chini ya Mjerumani, wakati ambapo udugu wa watu wa mjini na watu wa bara ulikuwa jambo la kila siku, si la kale. Simlaumu yeyote kati yao. Ila ukikichukua chanzo bila kuuliza kilikuwa na haja gani, umekuwa wakili wake bila malipo.

Tena cheo cha chanzo hakikai mahali pamoja. Barros, ukimwuliza Kilwa ilianzishwaje, ni wa upili, na wa mbali. Mwulize Wareno wa mwaka 1552 walitaka watu waamini nini juu ya Kilwa, papo hapo anakuwa wa msingi. Ile nakala ya Unguja ni pingili dhaifu kwa habari za Washirazi, lakini kwa anayechunguza kwa nini watu wa Zanzibar ya karne ya 19 walijisumbua kunakili historia ya mji uliokwisha kuwa magofu, ni dhahabu. Hata kitabu cha shule alichosoma mzee wangu: kwa Kilwa ni cha upili, kwa mtu anayetafiti namna watoto wa Tanzania walivyofundishwa habari zao baada ya uhuru, hakuna cha msingi kukizidi. Mhadhiri akikuambia utenganishe vitabu mafungu mawili kabla hujamwambia swali lako ni lipi, mwombe radhi umwulize tena.

Sasa njoo kwa shahidi wa macho, ambaye watu humwamini kuliko wote. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akapokewa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia hata fakiri aliyemwomba sultani nguo alizovaa, naye akampa (nguo tena, Kilwa haiishi nguo). Lakini Ibn Battuta anasema kwamba nyumba za mji ule ni za miti. Za miti! Wakati sultani yule yule ndiye ambaye jina lake limekutwa kwenye maandishi ya Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe lililokaa juu ya mwamba na birika lake la pembe nane, ambalo mpaka leo mtalii hulipiga picha. Ni kama mtu atoke Dar es Salaam aseme hakuona ghorofa.

Kwa miaka mingi nilimcheka. Hoja yangu ilikuwa rahisi: hakukaa sana, na safari zake alizisimulia zaidi ya miaka 20 baadaye, huko Moroko, zikiandikwa na mtu mwingine, Ibn Juzayy, ambaye hakuiona bahari yetu. Kumbukumbu ya mtu aliyezunguka dunia hadi Uchina haiwezi kuhifadhi kila ukuta. Halafu nikasoma ripoti za wachimbaji wa Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara. Kandokando ya majumba ya mawe wamekuta nyumba za miti na udongo, za watu wa kawaida, ambazo hazikuacha gofu la kupigwa picha. Nikaacha kucheka. Huenda Ibn Battuta alipita walikokaa watu wengi. Mwaka 1505 Hans Mayr, Mjerumani aliyekuja na meli za Wareno, aliandika juu ya nyumba imara za ghorofa. Yeye naye alikuwapo. Ila alikuja na jeshi lililokuwa likipora, na mporaji haangalii kibanda. Hawa ni mashahidi wawili wa macho, kila mmoja na njia aliyopita.

Kinachonipendeza zaidi katika habari zote hizi ni sarafu. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, ndogo, nyingi za shaba: upande mmoja maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la mtawala, na pande hizo mbili zina vina kama shairi. Nyingi hazina mwaka. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa ripoti yake ya majuzuu mawili mwaka 1974, alizikuta sarafu za Ali bin al-Hasan, jina ambalo wengi walilioanisha na mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi. Kwa kuwa sarafu haikusema mwaka, aliangalia tabaka la udongo ilimolala na vigae vilivyokuwa nayo. Akahukumu: ukoo huu ulianza mwishoni mwa karne ya 12, si karne ya 10 kama waliofuata vitabu walivyodai. Ilikuwa hukumu ya mtu makini, na kila aliyeandika baada yake aliinakili.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikaonekana hazina iliyofukiwa: zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, baadhi yake zina jina la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za watawala wa Kifatimi. Hizo dinari zilikuwa na tarehe, na zilikuwa za karne ya 11 kurudi nyuma. Mark Horton na wenzake wakachapisha matokeo mwaka 1986, na Ali akarudishwa nyuma zaidi ya miaka 100. Vitabu vilivyochapwa kabla ya hapo vimebaki kwenye rafu za maktaba vile vile, na jalada zuri, vikiendelea kumwambia mwanafunzi asiyetazama mwaka wa kuchapwa kwamba ni karne ya 12.

Lakini sarafu nayo usiitwishe mzigo usiokuwa wake. Ilisema "Ali bin al-Hasan". Haikusema "natoka Shirazi". Na ikitolewa mahali pake hunyamaza kabisa. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia. Watu wamejenga juu yake nadharia za mabaharia wa Kiswahili waliofika huko kabla ya Mzungu yeyote. Ningependa sana iwe kweli. Ila zilikuwa zimelala mchangani pamoja na sarafu za Kiholanzi za karne nyingi baadaye, bila tabaka la kuzipa umri, wala kaburi, wala jiko, wala kigae cha chungu kinachosema nani alizileta na lini. Ni za asili bila shaka, na hazituambii karibu chochote.

Mwaka 2023 ulikuja ushahidi ambao mwandishi wa Kiarabu asingeuota hata pamoja na panya wake. Jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika eneo la pwani ya Waswahili. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Walikuta Waafrika na watu wa asili ya Uajemi walianza kuchanganyika takriban mwaka 1000. Upande wa kuumeni, wengi walielekea Uajemi. Upande wa kukeni, karibu wote Waafrika.

Baadhi ya habari zilizofuata zilitangaza kwamba kisa cha Washirazi kimethibitishwa. Hapa ni vizuri mtu ajue kwamba neno "msingi" hubadilika kidogo ukiingia maabara: kwa wanasayansi, makala ya kwanza ambamo watafiti wenyewe wanaeleza walichokipima na namna walivyokipima ndiyo chanzo cha msingi, na habari ya gazeti la kesho yake ni ya upili. Aliyeifuata makala yenyewe alikuta kwamba mifupa mingi ilitoka Mtwapa, Kenya, na Kilwa ilitoa michache sana. Kwamba wengi walikuwa wamezikwa mahali pa wenye hadhi, kwa hiyo wavuvi na wakulima hawakuwakilishwa vya kutosha. Hayo hayakufichwa. Yamo mle mle, ila si kwenye kichwa cha habari.

Mimi nilipomaliza kuisoma, nilirudi kwenye matini ya Velten. Baba mgeni, mama mwenyeji: hilo tayari limo katika Kiswahili, kwa jina la binti wa Mrimba. Sisemi vinasaba vimemthibitisha Mrimba. Nasema kwamba watu wa Kilwa waliokuwa wakisimulia wakati wa Mjerumani walikuwa wamehifadhi jambo ambalo wengine waliliruka, na sisi kwa miaka zaidi ya 100 tumepita juu yake tukikimbilia Kiingereza cha tafsiri ya Kiarabu cha nakala.

Sasa ya kutafuta. Ushauri wangu huwashangaza vijana: usianze na nyaraka, anza na kitabu cha upili, tena kisome kuanzia nyuma. Mwandishi mwema ameacha nyayo kwenye tanbihi na orodha ya marejeo. Chittick atakupeleka British Library, atakupeleka kwenye makala za sarafu, atakupeleka kwa Barros. Ukiona waandishi wanane wanasema jambo moja na tanbihi zao zote zinaishia kwa mtu mmoja, umeshapata kanzu nane na mwenye kuzivaa. Majarida ya zamani kama Tanganyika Notes and Records, yaliyoanza mwaka 1936, na Azania la Nairobi yana hazina ambayo haijamalizwa kusomwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki, na pia mkusanyo wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu ulioandaliwa na J. W. T. Allen, wenye katalogi iliyochapwa mwaka 1970. Vitabu vya Velten siku hizi unaweza kuvisoma katika maktaba za kidijitali bila kupanda ndege kwenda Berlin.

Kisha nenda kwenye nyaraka. Zanzibar wanazo Kilimani, Dar es Salaam zipo Upanga, Nairobi ziko katika lile jengo la zamani la benki, Moi Avenue. Mgeni anahitaji kibali cha utafiti, ambacho Tanzania Bara hutolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwenyeji naye aende na barua ya utambulisho asije akarudishwa mlangoni. Ukiingia utagundua jambo linalowavunja moyo wengi: hakuna faili linaloitwa "Historia ya Kilwa". Faili hubeba jina la kazi ya ofisi iliyolifungua. Kuna ardhi, kuna kodi, kuna mashauri, kuna ugomvi wa mipaka, kuna barua za bwana shauri akilalamikia mishahara ya maakida. Unapaswa kujiuliza kama karani wa wakati ule: jambo langu lingemsumbua nani, naye angemwandikia nani? Vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza ni mfano mzuri. Ofisa aliyehamia wilayani aliandika humo habari za koo na wazee, ili atakayempokea ajue namna ya kutawala. Ukikisoma, unamsikia mzee wa mwaka 1930, lakini kupitia kwa mkalimani, na mbele ya mtu aliyekuja kuulizia nani apewe cheo cha jumbe.

Na mhifadhi nyaraka usimpite kama bawabu. Yule mama aliyekaa pale kwa miaka 25 anajua faili lipi lilirudishwa kwenye boksi lisilo lake. Msalimie, mweleze swali lako lote, usimpe neno moja la kutafutia kama unavyoipa simu.

Andika namba. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kupiga picha kurasa zaidi ya 40 kwa simu, nikaona nimemaliza kazi mapema, nikaenda kula. Nyumbani nikagundua sikuandika namba ya faili wala sikupiga picha ya jalada. Kurasa zote nzuri, zinasomeka, na haziwezi kutajwa popote. Ilinilazimu kusafiri tena, siku nzima, kwa sababu ya tarakimu nne.

Kuhusu programu za akili unde, sitasema mengi. Zinaweza kukusaidia kusoma Kireno kigumu au kukupa majina ya kuanzia. Lakini ukiziomba marejeo, wakati mwingine hukuletea kitabu chenye mwandishi, mwaka, mchapishaji na ukurasa, kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Isnadi kamili, haina mtu hata mmoja ndani yake. Kabla hujakitaja, kitafute kwenye katalogi ya maktaba. Kisipokuwapo katika yoyote, ushajua.

Masimulizi ya wazee yana adabu yake na yana mtego wake. Jan Vansina, aliyefanya kazi Kongo na Rwanda, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia kama barua ilivyo, kwa sharti kwamba uyapime. Mtego mkubwa ni ule mzee wangu alioutaja akicheka: kitabu kikishaingia kijijini, hurudi kinywani mwa babu na kuwa mapokeo. Mtafiti wa kwanza anachukua kwa wazee, anachapa. Wa pili anakuja, anasimuliwa kilichochapwa, anafurahi kwamba wazee wamethibitisha kitabu. Ndiyo maana usimwulize mzee, "Je, ni kweli kwamba kisiwa kilizungushiwa nguo?" Kwa heshima tu atakujibu ndiyo. Mwache aseme yake, kisha umwulize alisikia wapi, alikuwa na umri gani, nani mwingine alikuwapo, na je, upande wa mama yake walisimulia hivyo hivyo?

Kabla ya kuondoka Kisiwani nilimwambia yule mzee jambo moja juu ya mswada wa London. Mwandishi wake anasema mwanzoni kwamba kitabu chake kina milango kumi. Nakala iliyopo inaishia mlango wa saba.

Mzee akatikisa kichwa. "Na hiyo mitatu anayo nani?"

Nikamwambia hakuna aliyekwisha kuionyesha. Akakaa kimya, akatazama maji. Halafu akaniambia kwamba Kilwa Kivinje, kwenye nyumba ya marehemu shangazi yake, kuna kasha la zamani lenye makaratasi ya herufi za Kiarabu, ambalo watoto hawaligusi kwa kuwa hawajui kusoma yaliyomo, na mchwa wameshaanza mguu mmoja. Huenda ni dua tu, akasema, au hesabu za nazi. Shangazi alikuwa mtu wa kuandika madeni.

Tumekubaliana nirudi kusi ikipungua. Nimemwomba asilitie dawa mpaka nifike.